Maswali ya Wasomaji: Mstari Mmoja kwa Saa Nzima

Barua nne zilizo hapa chini zilifika kwa nyakati tofauti, lakini nimeziweka pamoja kwa sababu zote zinauliza juu ya jambo moja, nalo ni uimbaji wa kale wa Kaskazini mwa India, hasa ule uitwao khayali. Ni muziki ninaoupenda kwa miaka mingi, na nimefurahi kuona kwamba miongoni mwa wasomaji wetu wamo waliokaa mbele yake wakataka kujua zaidi.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa Kitanzania ninayesoma Pune, India. Desemba iliyopita mama mwenye nyumba ninakopanga alinichukua kwenye tamasha la uimbaji. Mwimbaji alipanda jukwaani pamoja na wenzake watano, wakatumia karibu robo saa kukaza na kulegeza nyuzi, kisha akaanza kuimba polepole mno. Nilimwuliza mama maana ya maneno, akaniambia ni mistari miwili tu ya mwanamke anayemsubiri mpenzi wake arudi nyumbani. Mistari hiyo, na zaidi ule wa kwanza, iliimbwa kwa dakika 50. Watu waliokuwa kando yangu walitikisa vichwa, wengine wakahesabu kwa vidole, na mara kwa mara ukumbi mzima ulitoa sauti ya “ah!” kwa pamoja, hali mimi sikuona kilichotokea. Walikuwa wakisikia nini nisichokisikia mimi? (Msomaji, Pune)

Jibu: Walikuwa wakisikia raga ikijengwa noti baada ya noti, na ile “ah!” ilikuwa ni kuipokea samu, yaani pigo la kwanza la mzunguko wa mdundo. Naomba univumilie niyaeleze mambo haya mawili kwa urefu, kwa kuwa mengine yote uliyoyaona jukwaani yamesimama juu yake.

Raga si wimbo, wala si ngazi ya noti tu. Mpenzi wa taarab aliyewahi kuwasikia wapiga udi wakizungumza juu ya makamu, yaani mpangilio wa noti katika muziki wa Kiarabu, ameshaikaribia maana yake. Raga huamua ni noti zipi zitumike, zipandwe kwa njia gani na zishukwe kwa njia gani, ipi ikaliwe kwa muda mrefu, ipi iguswe na kuachwa, na ipi ifikiwe kwa kuteleza kutoka kwa jirani yake. Wahindi huziita noti zao saba Sa, Re, Ga, Ma, Pa, Dha na Ni. Chukua mfano wa raga mbili, Bhupali na Deshkar. Zote zina noti tano zile zile, Sa, Re, Ga, Pa na Dha, na mtu akizitazama kwenye karatasi bila maelezo atadhani ni kitu kimoja. Lakini Bhupali huiegemea Ga, hutulia zaidi chini na katikati ya sauti, nayo ni raga ya mwanzo wa usiku, hali Deshkar huiegemea Dha, huelekea juu, nayo ni ya asubuhi. Anayeimba Bhupali akiikalia Dha kupita kiasi, wasikilizaji wanaojua huona kama mgeni aliyekosea nyumba, ingawa hakuna noti hata moja iliyotoka nje ya sheria.

Sasa zirudie zile dakika 50. Mwimbaji wa khayali haanzi kwa kukuonyesha raga yote. Hutaja mstari wa kwanza, kisha hukaa karibu na Sa ya kati, akashuka chini yake kidogo, akarudi. Baada ya dakika kadhaa huongeza noti moja. Huizunguka, huiingia kutoka chini na kutoka juu, huipumzikia, mpaka msikilizaji aizoee kama mtu aliyeingia ndani ya nyumba na kupewa kiti. Ndipo huongeza nyingine. Kwa hiyo kila noti mpya ni tukio, na tukio kubwa kuliko yote ni Sa ya juu, yaani ile inayorudi baada ya Ni. Mwimbaji mzuri huikaribia akarudi, akaikaribia tena akakaa kwenye Ni iliyo chini yake tu, akawaacha watu wakiitamani, hata siku anapoitoa kwa sauti iliyosimama sawasawa ukumbi wote hushusha pumzi. Nadhani baadhi ya zile “ah!” ulizozisikia zilitokana na hilo. Aliyewahi kusikia huko Unguja taksimu, yaani udi ukipigwa peke yake bila mdundo na bila haraka, kabla ya kuanza bashrafu, ule utangulizi wa ala zote, anaijua ladha hii. Tofauti ni kwamba mwimbaji wa khayali hufanya kazi hiyo huku mdundo ukiendelea chini yake, na mdundo huo una masharti yake.

Masharti hayo huitwa tala. Tala ni mzunguko wa mapigo yenye idadi maalumu: tintali ina mapigo 16, ektali 12, jhaptali 10, rupaki 7. Katika tintali watu hupiga kofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13, na kwenye pigo la 9 hupunga mkono bila kupiga, nalo huitwa khali, neno ambalo anayejua Kiarabu atalitambua mara moja kuwa lina maana ya tupu. Vidole vya jirani zako vilikuwa vikifuata hesabu hiyo. Katika mwendo wa polepole, uitwao vilambiti, mzunguko mmoja wa ektali unaweza kuchukua karibu dakika nzima. Mpiga tabla huulinda mzunguko huo bila kuuyumbisha, na mwimbaji huzurura ndani yake kama apendavyo, lakini kabla mzunguko haujakamilika ni lazima ayashike yale maneno machache ya mwanzo wa mstari na kuyatua kwenye samu. Sauti na ngoma hukutana hapo kwa nukta moja. Asiyehesabu huona watu wameshtuka bila sababu, lakini anayehesabu huwa amekwisha kumwona mwimbaji yuko mbali, akajiuliza atafikaje, na anapofika kwa wakati wake hujikuta ametoa sauti kabla ya kufikiri.

Pengine ungependa pia kujua kwa nini walichukua muda kupatanisha nyuzi. Zile ala mbili ndefu zilizokuwa nyuma ya mwimbaji, zenye kibuyu kikubwa chini, ni tanpura. Kwa kawaida ina nyuzi nne, na mpigaji huzipitia moja moja, mfululizo, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kupiga lahani yoyote. Kazi yake ni kuishikilia Sa ya mwimbaji, kwa sababu Sa ya India haikufungwa mahali pamoja. Kila mwimbaji huiweka pale panapoifaa sauti yake. Chini ya kila uzi, juu ya daraja, hupenyezwa kipande chembamba cha uzi wa pamba au hariri, na kipande hicho kikikaa mahali pake halisi, uzi mmoja hutoa mvumo wenye sauti nyingine nyingi ndani yake. Hapo ndipo mwimbaji huzisikia noti atakazoziimba. Hata raga yenyewe huamua namna ya kuzipatanisha nyuzi: uzi wa kwanza kwa kawaida huwekwa kwenye Pa, lakini Malkauns haina Pa, kwa hiyo uzi huo hushushwa hadi Ma. Robo saa ile haikuwa ya kupoteza. Ukienda tena, funga macho wakati huo na usubiri mpaka ule mvumo utulie. Utaisikia siku yenyewe ikianza.

Kwa kuwa uko Pune, uko mahali pema pa kujifunza kusikiliza. Ni katika mji huo ambako mwimbaji wa khayali Bhimsen Joshi, aliyeishi kuanzia 1922 hadi 2011, alianzisha mwaka 1953 tamasha la kila mwaka la kumkumbuka mwalimu wake, Sawai Gandharva, aliyefariki mwaka uliotangulia. Joshi alitoroka kwao akiwa bado mtoto ili kumtafuta mwalimu, akizunguka kwa treni kutoka mji hadi mji, mpaka alipompata Sawai Gandharva huko Kundgol, karibu sana na kule alikotoka. Sawai Gandharva naye alikuwa mwanafunzi wa Abdul Karim Khan, na njia ya kuifungua raga noti baada ya noti niliyoieleza hapo juu ndiyo iliyoipa shule yao, Kirana, sifa yake. Shule za namna hii huitwa gharana, neno litokanalo na nyumba, kwa sababu hapo zamani elimu hii ilikaa ndani ya familia. Walio wa Agra hupenda kucheza na maneno na mdundo kwa nguvu zaidi. Walio wa Jaipur-Atrauli hupenda raga zisizosikika mara kwa mara na mistari mirefu inayojipinda.

Swali: Mimi ni mpenzi wa taarab tangu utotoni. Kwetu wimbo ni shairi kwanza, na mtu akiimba maneno yasiyoeleweka hatumsikilizi. Nimemsikiliza mwimbaji wa khayali kwenye rekodi, nikamwona anayavuta maneno mpaka yanapotea, mara anaimba majina ya noti, mara “aaa” tupu. Je, huko si kulidharau shairi? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Ninaielewa hoja yako vizuri, na nakiri kwamba kwa mtu aliyefundishwa kungojea vina na mafumbo, jambo hili ndilo gumu kuliko yote. Jibu langu ni kwamba maneno ya khayali yana kazi nyingine. Utungo wenyewe, unaoitwa bandishi, huwa na sehemu mbili fupi: ya kwanza hukaa chini na katikati ya sauti, ya pili hupanda juu. Mara nyingi lugha yake ni Kibraj, lahaja ya zamani ya nchi iliyo kati ya Delhi na Agra, na mambo yake ni yale yale machache: kumsubiri mpenzi, mvua ya kwanza, Krishna, mungu wa Kihindu, akimziba njia msichana aliyebeba mtungi, dua kwa walii. Msikilizaji wa India anayajua tayari. Hangojei kuambiwa jambo jipya. Anangojea kusikia namna neno moja, tuseme “njoo”, linavyobadilika likiimbwa kwa kubembeleza, kisha kwa kulalamika, kisha kwa kukata tamaa, na yote hayo kwa noti za raga ile ile. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiarabu lililopitia Kiajemi, khayal, lenye maana ya fikra inayojichora moyoni, na ndiyo maana nimeridhika kuliita khayali kwa Kiswahili.

Nikuongezee jambo ambalo litakupendeza wewe unayependa mashairi. Mtunzi aliyeipa khayali heshima ya barazani alikuwa Niyamat Khan, mwanamuziki wa Delhi katika enzi ya mfalme Muhammad Shah, aliyetawala kuanzia 1719 hadi 1748. Alijiita Sadarang, na jina hilo alilitia ndani ya tungo zake mwenyewe, vile vile kama washairi wetu wanavyojitaja katika beti za kaditama. Tungo hizo zinaimbwa hadi leo, na waimbaji Wahindu huziimba za watunzi Waislamu, na Waislamu huziimba zile zinazomsifu Krishna, bila mtu kuona ajabu. Mwislamu mwenye daraja ya juu huitwa Ustad, neno ambalo sisi tunalitamka ustadhi, na Mhindu wa daraja hiyo huitwa Pandit.

Zile “aaa” ulizozitaja huitwa taani, nazo huja baadaye, mwendo unapoharakishwa na kuwa druti. Kasi hiyo huwavutia wengi, lakini kwa maoni yangu wasikilizaji wapya huipenda mno kwa sababu ni rahisi kuiona, na waimbaji wengine hukimbilia huko kabla ya kuimaliza kazi ya polepole. Kumsikiliza mwimbaji Amir Khan, aliyefariki mwaka 1974, kunaweza kukusaidia. Yeye alipunguza mwendo hadi watu wakashangaa kama mdundo ungeweza kushikika, na hata taani zake zilitoka kwa utulivu, kama mtu anayefikiri kwa sauti.

Usione pia kwamba muziki huu uko mbali na taarab yako. Hamoniamu na tabla zilizopigwa katika harusi za Mombasa zilivuka bahari hiyo hiyo, na Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi sahani zake za santuri. Lakini ndani ya India kwenyewe hamoniamu ilipata taabu. Redio ya taifa iliipiga marufuku kuanzia mwaka 1940 na haikuanza kulegeza mpaka 1971, kwa hoja kwamba ni ala ya kigeni ambayo noti zake zimefungwa kwenye vitufe na haziwezi kuteleza kutoka moja hadi nyingine, hali kuteleza huko ndiko roho ya raga. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ala iliyoifuata sauti ya mwimbaji vizuri kuliko zote ni sarangi, ambayo hupigwa kwa upinde, na nyuzi zake tatu kuu hubonyezwa kwa upande wa kucha, pale kucha inapoanzia kwenye nyama, wala si kwa ncha ya kidole. Mimi nikisikia sarangi imekaa mahali pa hamoniamu hufurahi kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Wapigaji wake wamepungua sana, na hilo linanihuzunisha.

Swali: Nimesoma kwamba raga za asubuhi haziimbwi usiku. Je, nikisikiliza rekodi ya raga ya usiku nikiwa kwenye matatu asubuhi ninakosea? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Hukosei, wala hakuna atakayekulaumu. Desturi ya nyakati inamhusu zaidi mwimbaji aliye jukwaani. Bhairav ni ya alfajiri, Todi ya asubuhi jua likiwa limekwisha kupanda, Sarang ya mchana, Marwa na Puriya Dhanashree za machweo, Yaman ya baada ya kuingia giza, Malkauns na Darbari Kanada za usiku mkubwa, na jamii ya Malhar imewekewa majira ya mvua. Jaribu hata hivyo kuisikiliza Marwa siku moja jua linapotua, uone jinsi Sa inavyokwepwa kwa muda mrefu mpaka mtu akahisi kukosa pa kukaa. Ukiisikiliza saa nne asubuhi ni muziki mzuri tu. Ukiisikiliza wakati wake utaelewa kwa nini watu waliichagulia saa ile.

Katika jambo hili kuna hasara ambayo haitajwi mara nyingi. Zamani matamasha makubwa yalikesha mpaka jua lichomoze, na mtu aliweza kusikia raga za usiku wa manane kwa wakati wake na kutoka ukumbini akiwa na Bhairav masikioni. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa India mwaka 2000 ziliweka mpaka wa saa nne usiku kwa vipaza sauti vya nje, na tangu hapo matamasha mengi ya uwanjani hufungwa mapema. Sizilaumu kanuni zenyewe, kwa kuwa wagonjwa na watoto wanahitaji kulala. Lakini Malkauns na Darbari Kanada sasa huimbwa saa mbili usiku au huachwa kabisa, na kijana anayejifunza leo anaweza kuzijua vizuri raga hizo bila kuwahi kuziimba mbele ya watu katika saa yake. Tamasha la Dover Lane la Kolkata, linalofanyika ndani ya ukumbi kila Januari, ni miongoni mwa machache yaliyoendelea kukesha.

Swali: Familia yetu imealikwa kwenye tamasha la khayali, na hatujawahi kuhudhuria. Tupige makofi wakati gani? Twende na watoto? Na tufanye nini ili tusichoke? (Msomaji, Muscat)

Jibu: Makofi yanangoja mpaka utungo uishe, lakini msikae kimya kama mlio darasani. Mwimbaji anataka kujua kwamba amesikika. Mkiguswa semeni “wah” kwa sauti ya chini au tikiseni kichwa, kwani hiyo ndiyo tuzo ya papo kwa papo, kama vile kwetu mtu anavyoinuka kwenda kumtuza mwimbaji wa taarab pale ubeti unapomchoma. Watoto na waje, mradi mkae karibu na mlango. Mtoto huvutiwa na mikono ya mwimbaji, inayoichora noti hewani, inayovuta, inayonyanyua kitu kisichoonekana, na wakati mwingine anayeifuata mikono hiyo huelewa kabla ya mzazi wake.

Kuhusu kuchoka, msijaribu kuelewa kila kitu usiku mmoja. Chagueni jambo moja. Ama msikilize Sa ya tanpura na kurejea kwake mwimbaji, ama muhesabu tala pamoja na mpiga tabla mpaka muanze kuitabiri samu wenyewe. Kabla ya siku hiyo msikilizeni mwimbaji mmoja nyumbani, mara nyingi, badala ya kumi mara moja moja. Mimi ningeanza na Gangubai Hangal, aliyezaliwa 1913 na kufariki 2009, ambaye sauti yake iligeuka nzito baada ya upasuaji wa koo na bado akaifanya iwe sauti ya kutambulika tangu noti ya kwanza, au na Kishori Amonkar, aliyefundishwa na mama yake, Mogubai Kurdikar, na ambaye hakuwahi kuimba raga kama aliyekuwa na pengine pa kwenda.

Na mwimbaji wa mwisho akitangaza Bhairavi, msianze kutafuta viatu. Ni raga ya asubuhi kwa asili, lakini kwa desturi imeruhusiwa kuimbwa saa yoyote ile mradi ndiyo inayofunga kikao, na baada yake hakuna tena anayeimba usiku huo. Mara nyingi huwa fupi, dakika kumi au robo saa, na mwimbaji aliyekwisha kuifungua sauti yake kwa saa mbili huiimba bila kujizuia tena.